Umbali Gani Unatosha? Majibu kwa Wasomaji Waliouliza Kuhusu Mionzi

Barua nyingi zilizotufikia kutoka Mombasa na maeneo ya jirani zinahusu mionzi: ya hospitalini, ya viwandani, ya bandarini, na ile ambayo watu wanaihofia kutoka kwenye mitambo ambayo haijajengwa bado. Tumechagua barua sita. Walioziandika hawafanani kwa kazi wala kwa umri, lakini kila mmoja anauliza, kwa maneno yake, mahali pa kusimama ili asidhurike. Jibu la barua ya kwanza tumeliacha liwe refu kwa sababu hesabu iliyomo ndiyo msingi wa majibu mengi yanayofuata.

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea mabomba, na kwa sasa tunafanya kazi kwenye matangi ya mafuta upande wa Shimanzi. Tukishaunganisha mabomba, huja kampuni nyingine usiku kuyapiga maungio picha za mionzi ili kuona kama yana ufa ndani. Hufunga kamba, huwasha taa nyekundu na kutuamuru tuondoke. Mzee mmoja tunayefanya naye kazi husema mita kumi zinatosha kabisa. Vijana nao husema mionzi hiyo inafika hadi Tudor, kwa hiyo kuondoka ni kujisumbua bure. Nimwamini nani? (Fundi, Changamwe)

JIBU: Ndugu fundi, usiwategemee wote wawili, ingawa kila upande umeshika kipande cha ukweli. Mionzi ya gama, ambayo ndiyo inayotumika kwenye picha hizo, haina mpaka ambapo hukoma ghafla, na katika hilo vijana wako sawa. Lakini hupungua kwa kasi kubwa kadiri mtu anavyojitenga na chanzo chake, na kupungua huko kuna hesabu ambayo aliyemaliza shule ya msingi anaweza kuifanya kichwani.

Fikiria karabai ya wavuvi inayowaka gizani. Mwanga wake husambaa pande zote, na kiasi kinachoangukia kipande cha ubao kilichoshikwa umbali wa mita moja, ukikiacha kiendelee hadi mita mbili, kitakuwa kimetanuka maradufu kwa upana na maradufu kwa urefu, yaani kitahitaji ubao wenye eneo mara nne ili kikusanywe chote. Kwa hiyo ubao uleule wa kwanza ukisogezwa hadi mita mbili utapata robo tu. Ukisogezwa hadi mita tatu utapata sehemu moja ya tisa, na kwa mita kumi sehemu moja ya mia. Mionzi ya gama ni ya ukoo mmoja na mwanga, na inapotoka kwenye chanzo kidogo hufuata hesabu hiyohiyo: umbali ukizidishwa mara fulani, nguvu ya mionzi hugawanywa kwa namba hiyo iliyozidishwa kwa yenyewe.

Sasa tuiweke hesabu hiyo kwenye kazi yenu. Chombo kinachotumiwa kupiga picha maungio ya mabomba mara nyingi hubeba iridiamu-192, kipande kidogo cha chuma kilichofungwa kwenye ncha ya waya, ambacho hutolewa nje ya ganda lake zito wakati wa picha na kurudishwa picha ikimalizika. Chanzo chenye nguvu ya terabekereli moja (bekereli ni kipimo cha nguvu ya chanzo chenyewe), ambayo ni kiasi cha kawaida katika kazi hiyo, kikiwa wazi humpa mtu aliye mita moja takriban milisivati 130 kwa kila saa. Milisivati ndiyo kipimo tunachotumia kueleza uzito wa mionzi kwa mwili wa binadamu, na ili ujue ukubwa wake, kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa kwa mwananchi wa kawaida ni milisivati 1 kwa mwaka mzima, mbali na ile ya asili na ya matibabu. Kwa mfanyakazi wa mionzi ni 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano.

Mzee wenu akisimama mita kumi kutoka kwenye chanzo hicho kikiwa wazi, atapokea milisivati 1.3 kwa saa, yaani kiwango chake cha mwaka mzima kitamalizika kwa dakika 46. Hilo si «kutosha kabisa». Akisogea hadi mita mia moja, kiasi kinashuka hadi milisivati 0.013 kwa saa, na itamlazimu akae pale zaidi ya saa sabini ili afikie kiwango kilekile. Ama vijana wanaosema mionzi inafika Tudor, umbali wa kilomita kadhaa peke yake unaishusha hadi chini ya ile inayotoka ardhini na angani kila siku tangu dunia iumbwe, na kabla haijafika huko hewa yenyewe imekwisha kuimeza. Kwa hiyo kuondoka si kujisumbua bure. Kati ya kusimama mita kumi na kusimama mita mia, mmefanya mionzi iwe sehemu moja ya mia bila kununua chochote.

Huenda ukauliza kwa nini basi kamba yenu wakati mwingine hufungwa karibu kuliko mita mia. Mafundi wa picha hufunika chanzo kwa kipande cha metali nzito, risasi au tangsteni, kinachoacha tundu upande wa bomba tu, na picha moja huchukua dakika chache, si saa nzima. Mambo hayo mawili hushusha dozi sana, na hakuna ubaya kamba ikiwa karibu, ilimradi pahali pake pamepatikana kwa kipimo kilichoshikwa mkononi na kusomwa pale pale kwenye kamba, si kwa kukadiria kwa macho. Tena iridiamu hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya siku 74, kwa hiyo chanzo kilichokaribia kuisha na kilichofika jana kutoka kiwandani havilingani hata kidogo. Kamba iliyotosha mwezi uliopita inaweza isitoshe leo, chanzo kikiwa kimebadilishwa kwa kipya. Una haki ya kumuuliza msimamizi wa kazi hiyo kipimo kimesoma nini pale kambani, na akikujibu kwa hasira badala ya namba, rudi nyuma zaidi.

Umbali una sifa nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Ukipunguza muda wa kukaa karibu na chanzo hadi nusu, dozi nayo hupungua hadi nusu, basi. Ukiongeza umbali maradufu, dozi hupungua hadi robo. Ama kinga ya ukuta, inahitajika risasi ya unene wa milimita tano hivi ili mionzi ya iridiamu ipungue kwa nusu, na kwa hiyo anayetembea kutoka mita moja hadi mita kumi amejipatia faida inayokaribia ile ya kusimama nyuma ya ukuta wa risasi wenye unene wa sentimita tatu na zaidi. Ukuta kama huo hauwezi kubebwa begani, lakini miguu kila mtu anayo.

Yote hayo ni hesabu ya kwenda nje. Linalonitia wasiwasi zaidi ni hesabu ya kuja ndani, kwa sababu kanuni ileile inayokulinda ukiondoka ndiyo inayokuangamiza ukikaribia. Chanzo hichohicho kilichotoa milisivati 130 kwa saa kwenye mita moja, kwenye sentimita kumi hutoa mara mia zaidi, yaani sivati 13 kwa saa (sivati moja ni milisivati elfu moja), na kwenye sentimita moja hutoa mara elfu kumi zaidi, yaani sivati 1,300 kwa saa. Kukishika mkononi kwa nusu dakika kunatosha kuiunguza ngozi kwa kidonda kisichopona upesi, wala hutasikia joto lolote wakati unakishika. Sivati nne au tano zikiupata mwili mzima kwa mpigo mmoja, nusu ya watu wasiotibiwa hufa.

Mwaka 1999 huko Yanango, nchini Peru, kwenye mtambo wa umeme wa maji, fundi wa kuchomelea kama wewe aliokota kipande cha iridiamu kilichokuwa kimechomoka kutoka kwenye chombo cha picha. Hakujua ni nini, akakitia kwenye mfuko wa nyuma wa suruali na kuendelea na kazi kwa saa kadhaa. Aliupoteza mguu wake. Wenzake waliokuwa hatua chache kutoka kwake hawakupatwa na yaliyompata, na chanzo kilikuwa kimoja, siku moja, eneo moja.

Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu kibarua wa siku ndiye anayefagia eneo asubuhi baada ya picha za usiku, na ndiye asiyeelezwa lolote. Waeleze wenzako kwamba kipande kidogo cha chuma kinachong'aa, hasa chenye waya mfupi, hakiokotwi kwa mkono, hakipigwi teke na hakifunikwi kwa ndoo. Unarudi nyuma, unawazuia wengine, unamwita mwenye kipimo.

SWALI: Mwanangu wa miaka minne alianguka kutoka mwembeni akavunjika mkono. Hospitalini niliombwa nimshike wakati wa eksirei kwa sababu alikuwa akilia na kujirusha. Sikumbuki kama nilivishwa kitu. Baadaye nikagundua kwamba siku ile nilikuwa na mimba changa. Tangu hapo sipati usingizi. Mimba yangu iko salama? (Mama, Kisauni)

JIBU: Pole mama, kwa mtoto na kwa hofu uliyoibeba peke yako. Kwa kilichotokea siku ile, mimba yako haikupata mionzi ya kutia wasiwasi, na nitakueleza kwa nini ili usiichukue kauli hii kama maneno ya kukutuliza tu.

Eksirei ya mkono ni miongoni mwa picha nyepesi kuliko zote. Mtoto mwenyewe, aliyepigwa picha, alipata takriban sehemu moja ya elfu ya milisivati. Wewe hukuwa kwenye mwale wenyewe, bali ulipata ile mionzi inayodunda kutoka mwilini mwa mtoto, na kwa kawaida inayofika umbali wa mita moja ni kama sehemu moja ya elfu ya ile iliyompiga mgonjwa. Hata kama ulikuwa umemwinamia, karibu zaidi ya mita moja na bila aproni ya risasi, kilichoufikia mji wa mimba ni kidogo kuliko ambacho mwili wako hupokea kutoka ardhini, hewani na kwenye chakula kwa siku moja ya kawaida. Duniani kote wastani wa mionzi hiyo ya asili ni milisivati 2.4 kwa mwaka. Tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, ambayo miongozo yake hufuatwa na hospitali nyingi, haioni sababu ya kuisitisha mimba iliyopata chini ya miligrei 100 (kwa eksirei, miligrei moja ni sawa na milisivati moja), na wewe hukukaribia hata sehemu moja ya elfu ya kiasi hicho.

Hata hivyo, siku ile ingeweza kupangwa vizuri zaidi. Mwanamke anayedhani huenda ana mimba aseme mapema, na kazi ya kumshika mtoto apewe baba, mjomba au jamaa mwingine. Anayeshika avishwe aproni ya risasi, asimame ubavuni na si mbele ya mashine, anyooshe mikono, na vidole vyake visiingie kwenye eneo linalomulikwa. Kunyoosha mikono kunaonekana jambo dogo, lakini mwili ukitoka sentimita 25 hadi 50 dozi yake hushuka karibu hadi robo. Wodini, mashine ya kusukumwa inapoletwa kitandani, wanaoweza kutembea wasogee angalau mita mbili.

Mashine ikizimwa hakuna mionzi inayobaki chumbani, ukutani wala kwenye shuka. Ukiambiwa tena kwamba mtoto anahitaji picha, usikatae, maana mfupa uliounga vibaya utamtesa maisha yake yote.

SWALI: Bibi yetu amerudi kutoka Nairobi alikomezeshwa dawa ya mionzi kwa ugonjwa wa tezi ya shingo. Ameagizwa asikae karibu na watoto kwa siku kadhaa. Wajukuu wamezoea kumbusu mkono kila asubuhi na mdogo wao hulala naye kitanda kimoja. Baadhi ya jamaa wanasema kumtenga mzee namna hii ni kumvunjia heshima. (Mjukuu mkubwa, Mji wa Kale)

JIBU: Mwanangu, agizo hilo lifuatwe kama lilivyoandikwa, na bibi mwenyewe ndiye aliyeelezwa sababu yake, kwa hiyo sidhani kwamba atahisi ametengwa. Dawa aliyopewa yumkini ni iodini-131, ambayo hukusanyika kwenye tezi yake na kuitibu kutokea ndani. Sehemu ya mionzi yake hutoka nje ya mwili, na kwa siku hizo bibi mwenyewe ndiye chanzo. Iodini hiyo hupoteza nusu ya nguvu kila siku nane, tena nyingi yake hutoka kwa mkojo siku za mwanzo, ndiyo maana katazo ni la muda tu.

Mwili wa mtu si nukta, kwa hiyo hesabu ya karabai haiwezi kutumika kwa usahihi kamili mtu anapokuwa karibu sana, lakini mtoto anayelala ubavuni mwake usiku kucha hupata mara nyingi, huenda makumi ya mara, kuliko yule anayeketi upande wa pili wa sebule. Tezi ya mtoto mdogo, tena, hudhurika upesi kuliko ya mtu mzima. Basi mdogo ahamie kitanda kingine, wajukuu wamwamkie bibi kutoka mlangoni, wazungumze naye wakiwa mita mbili au zaidi, na «shikamoo» haipungui thamani kwa kutoshikana mkono. Awe na taulo na vyombo vyake, choo kimwagiwe maji kila mara zaidi ya ilivyo kawaida, na mikono ioshwe vizuri. Idadi ya siku inategemea kiasi cha dawa aliyopewa, nayo imeandikwa kwenye karatasi ya hospitali. Jamaa wasizipunguze kwa huruma.

SWALI: Mimi ni dereva wa lori la masafa marefu. Kontena zetu hupitishwa kwenye mashine kubwa ya ukaguzi bandarini kabla ya kutoka. Je, mchele na sukari nilivyobeba havibaki na mionzi, nami nikalala navyo njiani hadi Malaba? (Dereva, Miritini)

JIBU: Havibaki. Mashine hizo za kuangalia ndani ya kontena hutengeneza mionzi kwa umeme, na zikikoma hakuna kinachosalia ndani ya mzigo. Mchele wako ni uleule. Hatari iko kwenye zile sekunde mwale unapopita, na mwale huo ni mwembamba na wenye nguvu kuliko wa hospitalini kwa kuwa unatakiwa kupenya chuma. Ukiambiwa ushuke, shuka na usimame nyuma ya mstari pamoja na utingo wako. Pale ambapo unaendesha lori kupita katikati ya mashine, imepangwa isubiri kichwa cha lori kipite kwanza, kwa hiyo endesha kwa mwendo ulioelekezwa, usisimame katikati wala kurudi nyuma, na usikubali kamwe mtu ajifiche kwenye trela ili avuke geti.

SWALI: Nanunua vyuma chakavu hapa Jomvu. Majuzi kijana aliniletea kitu cha mviringo, kizito ajabu kwa ukubwa wake, chenye alama iliyofifia ya mabapa matatu yaliyozunguka nukta. Alitaka tukipasue tupate risasi. Nimekiacha nje ya ua. Nifanye nini, na nikae umbali gani? (Mfanyabiashara, Jomvu)

JIBU: Bwana, umefanya vyema kutokipasua, na nakuomba kwa dhati usimruhusu mtu yeyote akiguse. Alama hiyo ni ya mionzi, na uzito unaozidi ukubwa ni dalili ya ganda la risasi au la uraniamu iliyofifishwa, yaani ganda lililotengenezwa mahususi kuzuia kilichomo. Likiwa zima, huenda hata ukisimama jirani nalo hupati cha maana. Likipasuliwa, mambo yote yanabadilika. Ukiona ndani ya chombo chochote alama nyekundu ya pembetatu yenye fuvu na mtu anayekimbia, ujue umefika mahali ambapo hukupaswa kufika. Alama hiyo ilianzishwa mwaka 2007 kwa ajili ya watu kama wewe, wasiotakiwa kusoma kitabu kwanza ndipo wajue kwamba wakimbie.

Kwa sasa wazuie watu, watoto hasa, wasikaribie. Huko Australia, mwezi wa Januari 2023, kidonge cha siziamu-137, metali yenye mionzi, chenye upana wa milimita 6 na urefu wa milimita 8 kilidondoka kutoka kwenye lori, na wenye mamlaka wakautangazia umma kwamba atakayekiona akae angalau mita tano. Tupige hesabu tuone kama walikosea. Kidonge hicho kilikuwa na gigabekereli 19 (gigabekereli elfu moja ni terabekereli moja), sawa na takriban milisivati 1.7 kwa saa kwenye mita moja. Kwenye mita tano hiyo inagawanywa kwa 25, inabaki chini ya milisivati 0.07 kwa saa, ambayo mpita njia anaweza kuistahimili kwa muda wa kupiga simu bila dhara. Kilitafutwa kwenye barabara ya urefu wa kilomita 1,400 na kupatikana tarehe 1 Februari kando ya lami. Wewe hujui kilichomo kwenye chombo chako wala nguvu yake, kwa hiyo mita tano zisikuridhishe. Chukua ishirini au thelathini kama ua wako unaruhusu, weka kizuizi, kisha toa taarifa polisi na kwa mamlaka ya udhibiti wa nyuklia ya Kenya, KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Wao wana vipimo. Huyo kijana naye atafutwe, si kwa kumshtaki, bali aeleze alikitoa wapi na nani mwingine alikishika.

Lakini kuna jambo ambalo umbali hauwezi kulitatua, na ndilo sababu ya kusisitiza kwamba kisipasuliwe. Mwezi wa Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, watu wawili walichukua mashine ya kutibu saratani iliyoachwa kwenye jengo lililohamwa, wakaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kidonge cha siziamu-137 kilikuwa kimetobolewa, na ndani mlikuwa na unga uliokuwa unang'aa rangi ya samawati gizani. Watu waliupenda. Waligawiana jamaa na majirani, wengine wakajipaka, na mtoto wa miaka sita akala chakula huku mikono yake ina unga huo. Watu wanne walifariki, akiwemo mtoto huyo na mke wa mnunuzi. Zaidi ya watu 112,000 walipimwa, na 249 wakakutwa na unga huo mwilini au nguoni.

Unga ukiwa kwenye kucha, kwenye mapafu au tumboni, umbali wako na chanzo ni sifuri, na hakuna hatua unayoweza kupiga kujitenga nacho. Kanuni ya umbali inamlinda mtu dhidi ya chanzo kilichofungwa tu. Kilichofunguliwa hutembea na watu, hupanda matatu, hulala nao. Kwa hiyo aliyekwisha kukishika kitu cha namna hiyo kikiwa kimevunjika asirudi nyumbani kukumbatia watoto, asile wala kuvuta sigara. Abaki pale alipo, mbali kidogo na chombo, hadi wenye vipimo wafike.

SWALI: Tulisikia serikali ikitaja Uyombo, Kaunti ya Kilifi, kuwa mahali pa kujenga mtambo wa umeme wa nyuklia, na wenyeji wengi wakapinga. Kama mtambo ukija kujengwa pwani yetu, sisi wa Mombasa tutakuwa mbali kiasi cha kutosha? (Mwalimu mstaafu, Bamburi)

JIBU: Mwalimu, kama unauliza kuhusu mionzi inayotoka moja kwa moja kwenye kinu cha nyuklia kinachofanya kazi vizuri, hata nyumba ya jirani iliyo nje ya ua wake iko mbali kiasi cha kutosha, kwa sababu kinu huzungukwa na chuma na zege nene, na umbali humaliza kilichosalia. Naamini si hilo unalolihofia. Hofu yako ni ajali, na katika ajali kubwa kinachosafiri si mwale bali ni vumbi na mvuke vyenye mionzi, navyo havijui hesabu ya karabai. Huelekea kule upepo unakovipeleka, na huanguka mvua inaponyesha.

Baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, katika nchi ambayo leo ni Ukraine, mwaka 1986, watu waliondolewa ndani ya kilomita 30. Huko Fukushima, Japani, mwaka 2011, amri ya kuhama ilitolewa kwa kilomita 20, kisha ikaonekana kwamba kijiji cha Iitate, kilichoko kiasi cha kilomita 40 kaskazini magharibi, kimechafuka kuliko baadhi ya sehemu zilizokuwa karibu zaidi na mtambo. Upepo uligeukia huko, na mvua na theluji vikaliteremsha wingu. Duara lililochorwa kwenye ramani halikulingana na umbo la uchafu uliokuwa ardhini. Na ardhi yote ikishakuwa chanzo, kusogea hatua kumi hakusaidii kitu, kwa kuwa unatoka kwenye sehemu moja ya chanzo na kuikanyaga nyingine. Wakazi wa karibu na Mlima Mrima huko Kwale wanaijua hali inayofanana na hiyo kwa njia ya asili: udongo wa pale una thoriamu, madini yenye mionzi ya asili, vipimo vyake viko juu kuliko kawaida, na hakuna pa kusimama mlimani pale ambapo uko «mbali» nao.

Kwa pwani yetu, basi, kilomita kutoka Kilifi hadi Mombasa ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili mabaharia wetu waliijua kabla ya sisi sote: kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi karibu Machi, hutoka upande wa kaskazini mashariki na kuelekea kwetu, na kusi inapoingia baada ya hapo huvuma kinyume chake. Ajali ileile ikitokea Januari na ikitokea Julai isingewapata watu walewale. Ukialikwa kwenye mkutano wa wananchi kuhusu mtambo wowote, usiridhike ukionyeshwa duara na idadi ya kilomita. Omba uonyeshwe mwelekeo wa pepo kwa kila mwezi wa mwaka, ueleze kwamba unataka kujua vituo vya kupimia mionzi vitawekwa wapi kati ya Kilifi na Likoni, nani atakayevisoma na kutangaza matokeo yake hadharani, na tembe za iodini isiyo na mionzi za kuwakinga watoto zitahifadhiwa katika zahanati zipi.